Fundi wa Bedford na Ahadi Aliyoishika

Katika miaka ya 1650, kijana mmoja fundi masufuria wa Elstow, kijiji kilicho jirani na mji wa Bedford nchini Uingereza, aliandamwa mwaka mzima na wazo asilolitaka: amuuze Kristo. Hakukuwa na fedha mezani wala mnunuzi mlangoni. Wazo lilimjia tu, akiwa anakula, akiwa kazini, akiinama kuokota kitu chini. Mara nyingine alilisukuma kwa mikono na viwiko, mwili mzima ukishiriki vita, huku akijibu kwamba hamuuzi hata akipewa dunia elfu kwa maelfu. Mara nyingine aliacha chakula na kwenda kuomba, kwa sababu mshitaki wa moyoni alimwambia kuomba baadaye ni dhambi. Asubuhi moja, akiwa bado kitandani, amechoka kwa kupigana, likapita wazo kwamba basi, Kristo na aende zake akitaka. Kijana akahisi kwamba moyo wake umekubali.

Huyo ndiye John Bunyan. Wengi wetu tumemfahamu kupitia kitabu chake tunachokiita Safari ya Msafiri, na tunamfikiria kama mzee wa imani aliyetulia, anayewaonyesha wengine njia. Ninarudi kwenye miaka yake ya giza kwa sababu moja. Makanisani mwetu ushuhuda hutolewa vita vikiwa vimekwisha: nilikuwa hivi, Bwana akaniokoa, sasa niko hivi. Ni kweli, na ni vyema usemwe. Lakini kwenye benchi la nyuma kuna ndugu au dada ambaye hajafika kwenye hiyo "sasa". Anaimba na wenzake, anasema amina, na akirudi nyumbani anajiuliza kama Mungu amekwisha kumwacha. Bunyan aliishi hapo kwa miaka.

Alizaliwa Novemba 1628. Baba yake, Thomas, alikuwa fundi wa kutengeneza na kuziba vyombo vya shaba na bati, kazi ya kuzunguka vijijini yenye heshima ndogo. John alipelekwa shule kidogo, akajua kusoma na kuandika, kisha akarithi kazi ya baba. Mwaka 1644 mama yake alifariki mwezi Juni, dada yake akafuata mwezi uliofuata, na kabla majira hayajageuka baba alikuwa ameoa tena. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 16, John aliingia katika jeshi la Bunge lililokuwa likipigana na Mfalme Charles wa Kwanza, akawekwa kwenye ngome ya Newport Pagnell. Kuhusu vita hivyo aliandika machache sana. Tukio moja hakulisahau: siku aliyopangwa kwenda kuuzingira mji fulani, mwenzake aliomba ashike nafasi yake, akaenda, akapigwa risasi ya kichwa alipokuwa kwenye lindo.

Alirudi Elstow mwaka 1647, na baada ya miaka kama miwili akaoa. Mkewe wa kwanza hatumjui kwa jina. Tunajua kwamba walianza maisha bila hata sahani na kijiko, na kwamba bibi harusi alikuja na vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake, kimoja cha Arthur Dent na kingine cha Lewis Bayly. Mtoto wao wa kwanza, Mary, aliyezaliwa 1650, alikuwa kipofu.

Vitabu vile vilimfanya Bunyan mtu wa dini, na dini hiyo ilimchosha. Jumapili moja, akicheza na vijana wenzake mchezo wa kupiga kijiti uwanjani Elstow, alijiona ameulizwa kutoka mbinguni kama ataacha dhambi aende mbinguni, au atabaki nazo aende motoni. Alisimama, akatafakari, akaamua kwamba amekwisha kuchelewa, kisha akaendelea kucheza. Baadaye aliacha kuapa ovyo, akaacha dansi, akaacha hata kupiga kengele za kanisa, kazi aliyoipenda mno. Alikuwa akienda kusimama chini ya mnara kuwatazama wenzake wakivuta kamba, kisha akawaza: je, kengele ikianguka? Akahamia chini ya boriti. Je, ikigonga ukuta na kunirudia? Akahamia mlangoni. Je, mnara wote ukiporomoka? Akakimbia. Majirani walimsifu kuwa amebadilika. Yeye mwenyewe anakiri kwamba wakati huo hakumjua Kristo, wala neema, wala imani.

Aliyevunja dini hiyo ya hofu hakuwa mhubiri. Siku moja, akiwa kazini Bedford, aliwakuta wanawake maskini watatu au wanne wameketi mlangoni wakiota jua na kuongea mambo ya Mungu. Alisogea kusikiliza, maana naye alijiona hodari wa mazungumzo hayo, akakuta yeye mwenyewe hawaelewi hata kidogo. Waliongea juu ya kuzaliwa mara ya pili, juu ya ubovu wa mioyo yao wenyewe, juu ya ahadi zilizowashika walipojaribiwa, na waliongea kwa furaha. Alirudi kwao tena na tena. Nao wakamweleza habari zake mchungaji wao, John Gifford.

Gifford naye alikuwa ametolewa mbali. Alipigana upande wa mfalme, akatekwa mwaka 1648 kwenye mapigano ya Maidstone, akahukumiwa kunyongwa, na usiku wa kuamkia hukumu dada yake akamtorosha walinzi wakiwa wamelewa. Alijificha, akaja Bedford akifanya uganga wa tiba, mlevi na mcheza kamari, akiwachukia Wakristo wenye bidii. Kisha akaokoka, na mwaka 1650 kusanyiko dogo la Bedford likamfanya mchungaji. Mtu wa namna hiyo hakushtushwa na fundi mwenye mawazo mabaya. Alimkaribisha nyumbani kwake, akamfundisha kwamba asichukue neno la mtu yeyote kuwa kweli mpaka Mungu mwenyewe amthibitishie kwa Neno lake.

Msomaji angetegemea kwamba hapo mateso yatakwisha. Ndipo yalipozidi. Mawazo ya kumkufuru Mungu yalimjaa kiasi kwamba alitamani kuziba kinywa chake kwa mikono, na lile la kumuuza Kristo likaja baada ya kuwa ameonja upendo wa Kristo. Hili wengi hawaambiwi wanapokata shauri: kwamba vita vikali vinaweza kuanza mtu akiwa ameshaingia mlangoni.

Baada ya asubuhi ile ya kitandani alijihesabu kuwa amepotea. Habari za Esau katika Waebrania 12, aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza na baadaye asipate nafasi ya kutubu ingawa aliitafuta kwa machozi, zilimkalia kifuani zaidi ya miaka miwili. Alipima dhambi yake na ya Daudi, ikazidi. Akaipima na ya Petro, ikazidi. Akaiona imekaribia ya Yuda. Mwili ulitetemeka siku nzima, na chini ya kifua alihisi uzito kama mfupa unataka kupasuka. Akaenda kwa Mkristo mmoja mzee, akamwambia anaogopa kuwa ametenda dhambi isiyosameheka dhidi ya Roho Mtakatifu. Mzee akamjibu kwamba naye anaona hivyo.

Jibu hilo linanisumbua kila nisomapo. Mzee yule huenda alikuwa mcha Mungu, lakini hakuwahi kusimama mahali kijana yule aliposimama, wala hakusema kwamba hajui. Neno lake lilikuwa na uzito wa mvi zake. Tuwe waangalifu, sisi tunaowaombea watu. Na wapo leo wanaosoma maelezo ya Bunyan wakaona ndani yake dalili za ugonjwa wa akili. Inawezekana kabisa, na mwenye mawazo yanayojirudia namna hiyo hamkosei Mungu akimwona daktari. Ugonjwa au la, kwa Bunyan swali lilikuwa lilelile: Je, Mungu bado ananitaka?

Alikwenda mji wa jirani, akaketi kwenye benchi barabarani. Alipoinua macho aliona kama jua lenyewe linamnyima nuru, na mawe ya barabara na vigae vya mapaa vimeungana dhidi yake. Alivionea wivu vitu vyote, maana vyote vilisimama mahali pake isipokuwa yeye.

Kilichomtoa hapo hakikuwa tukio moja. Kwanza, katika miaka hiyohiyo ya vita, alikuwa ametamani kuona kitabu cha mtu wa kale aliyepitia mambo hayo, si cha wale wanaoandika juu ya majaribu waliyoyasikia kwa wengine. Akaangukia nakala chakavu ya mafafanuzi ya Martin Luther juu ya Wagalatia, imezeeka kiasi kwamba karibu isambaratike mikononi. Hakuwa amesoma sana alipoona hali yake imeelezwa humo kana kwamba kitabu kimetoka moyoni mwake mwenyewe. Baada ya Biblia, anasema, hakuna kitabu alichokipenda zaidi kwa ajili ya dhamiri iliyojeruhiwa. Mtawa wa Kijerumani aliyekufa zaidi ya miaka 100 kabla ya siku hiyo alikuwa amemjua.

Kisha ikaja ahadi, tena kwa vipande. Neno la Bwana kwa Paulo katika 2 Wakorintho 12:9, kwamba neema yatosha, lilimfikia bila sehemu ya mwisho inayoielekeza neema hiyo kwa mtu mwenyewe. Neema inatosha, sawa. Je, inanitosha mimi? Kwa wiki kadhaa alipanda na kushuka, mara nyingi ndani ya siku moja. Hatimaye, akiwa kwenye mkutano wa waumini, amejaa huzuni na hofu, neno zima lilimjia mara tatu mfululizo, na safari hii lilimtaja yeye. Hata hivyo Esau hakuondoka mara moja. Neno la Esau na neno la neema vilikutana moyoni mwake kama wapinzani wawili mbele ya mwamuzi, naye alitazama, hajui nani atashinda, mpaka Esau akaanza kufifia na neema ikabaki.

Hakuishia kwenye hisia. Alirudi kwenye maandiko yaliyomtisha zaidi, Waebrania 6, 10 na 12, akayasogelea na kuyatazama usoni, neno kwa neno. Alisoma Yoshua 20 juu ya miji ya makimbilio, akauliza kama alimwaga damu kwa kuvizia au bila kukusudia, akakumbuka mwaka mzima wa kupigana na kuomba, akaona hakuwa mviziaji. Neno la Yohana 6:37, linaloahidi kwamba ajaye kwa Kristo hatatupwa nje kamwe, alilishika akivutana na Shetani, huyu akishika upande mmoja na yule upande mwingine. Shetani alimwambia halimhusu mwenye dhambi kama yake. Yeye akajibu kwamba neno lenyewe halikuweka mpaka.

Siku moja, akipita shambani na dhamiri bado ikimchoma, aliona kwa macho ya moyo Kristo mkono wa kuume wa Mungu, akaelewa kwamba haki yake iko huko juu. Haipandi anapokuwa na moyo mzuri, wala haishuki anapokuwa na moyo mbaya. Minyororo ikamwanguka miguuni. Kinachonigusa ni alichokifanya baadaye: alirudi nyumbani akatafuta sentensi hiyo katika Biblia, asiikute. Moyo ukaanza kuzama tena, mpaka akakumbuka 1 Wakorintho 1:30, inayomtaja Kristo kuwa hekima yetu, haki yetu, utakatifu wetu na ukombozi wetu. Gifford alikuwa amemfundisha vizuri. Hata furaha aliipeleka kwenye Neno ikapimwe.

Katika miaka hiyo alipokelewa katika kusanyiko, akahamia Bedford, na baada ya Gifford kufariki mwaka 1655 akaanza kuhubiri. Mkewe alifariki 1658, akamwachia watoto wanne. Mwaka uliofuata alimwoa Elizabeth. Kisha ufalme ukarudi mwaka 1660, na mikutano ya ibada nje ya kanisa la dola ikawa hatari.

Tarehe 12 Novemba 1660 alikwenda kuhubiri Lower Samsell, kitongoji kilicho kusini mwa Bedford. Alipofika aliambiwa kwamba hati ya kukamatwa imekwisha kutolewa na hakimu Francis Wingate. Muda wa kuondoka ulikuwepo. Alitembea kidogo nje akifikiri, akaona akikimbia, waumini wapya watavunjika moyo, akaingia ndani na kuanza. Alikamatwa kabla hajafika mbali. Mwezi Januari alisomewa shitaka chini ya sheria ya mwaka 1593. Mwenyekiti wa mahakama, John Kelynge, alimpa miezi mitatu: asipokubali kwenda kanisa la dola na kuacha kuhubiri, atafukuzwa nchini, na akirudi bila kibali atanyongwa. Bunyan alijibu kwamba akitoka leo, kesho atahubiri.

Elizabeth alikuwa mjamzito. Mshtuko wa habari ulimtia uchungu kabla ya wakati, akaumwa siku nane, mtoto akafa. Agosti 1661 mwanamke huyo kijana, mama wa kambo wa watoto wanne, mmoja kipofu, aliingia peke yake mbele ya majaji Bedford kumtetea mumewe. Jaji Matthew Hale alimsikiliza kwa upole. Mwenzake, Twisden, alimkaripia. Elizabeth alipoulizwa kama mumewe ataacha kuhubiri, alisema hathubutu kuacha maadamu anaweza kusema. Alitoka akilia, naye alieleza kwamba hakulia sana kwa ugumu wa mioyo yao kama kwa hesabu watakayotoa Bwana atakapokuja. Katika historia nzima ya Bunyan simwoni mtu mwenye imani iliyonyooka kuliko Elizabeth.

Gerezani alisuka kamba za kufungia viatu na nguo, akizitia ncha za chuma, ziuzwe familia ipate kula. Watoto walimuuma moyoni, zaidi ya wote Mary kipofu: nani atamkinga na baridi, njaa na kipigo cha wageni?

Hapo ndipo lilipomjia jaribu ninaloliona kuwa kubwa kuliko lile la kwanza. Kwa kuwa hakujua sheria vizuri, alidhani anaweza kunyongwa, na jambo la kunyongwa likamkuta moyo umekauka. Alijaribu kuomba afarijiwe, faraja isije. Alijiona amesimama juu ya ngazi, kamba shingoni, uso umepauka, magoti yanagongana, na maadui wakimcheka Mungu wake. Kisha Shetani akauliza: na ukifa utakwenda wapi? Una ushahidi gani wa mbinguni? Hakuwa na jibu. Wiki nyingi alitupwa huku na huku.

Mwisho alifika mahali ambapo wahubiri wengi hatufiki. Alijiambia kwamba anateseka kwa ajili ya neno la Mungu, kwa hiyo hana ruhusa ya kurudi nyuma hata unywele. Mungu ana hiari ya kumfariji sasa, au saa ya kufa, au asimfariji kabisa. Yeye hana hiari ya kuchagua kama atashikamana naye. Yeye amefungwa, Mungu yuko huru. Basi ataruka kutoka kwenye ngazi ile akiwa amefumba macho, aingie umilele, azame au aelee, iwe mbinguni au motoni. Bwana Yesu akitaka kumdaka, na amdake. Asipotaka, atajitosa vivyo hivyo kwa jina lake. Alipokwisha kuamua ndipo alipokumbuka swali la Shetani juu ya Ayubu, kama Ayubu amcha Mungu bure, akaona kwamba mtu anayetaka kumtumikia Mungu bila malipo anayoyaona ana moyo mnyofu kwa ushuhuda wa Mungu mwenyewe. Faraja ikaja, baada ya kuacha kuwa sharti.

Hawakumnyonga. Alikaa gerezani karibu miaka 12. Mary alifariki baba yake akiwa ndani. Mwaka 1666 alichapisha habari za maisha yake ya rohoni, na mwisho wake hakuandika kwamba ameshinda. Aliorodhesha maovu saba anayoyaona bado moyoni mwake, la kwanza likiwa ni kuelekea kutoamini. Alitolewa mwaka 1672, Mfalme Charles wa Pili alipolegeza sheria, kusanyiko likiwa limekwisha kumchagua mchungaji. Alifungwa tena kwa miezi michache kuanzia mwisho wa 1676.

Safari ya Msafiri ilitoka 1678. Sasa mtu anaweza kuona kila kitu kimetoka wapi. Katika Bonde la Uvuli wa Mauti, mmoja wa waovu anamnyemelea msafiri mkuu, aitwaye Mkristo, kwa nyuma na kumnong'oneza makufuru sikioni, naye anadhani yametoka moyoni mwake mwenyewe. Huo ni mwaka wa kumuuza Kristo. Katika Ngome ya Mashaka, lile Jitu la Kukata Tamaa linawapiga Mkristo na mwenzake na kuwashauri wajiue, tangu Jumatano hadi Jumamosi, huku ufunguo uitwao Ahadi uko kifuani mwa Mkristo muda wote huo. Na kufuli la lango la mwisho ni gumu mno. Mwandishi aliyeijua ahadi kwa vitabu tu asingelifanya kufuli hilo liwe gumu. Mwaka huohuo alitoa kitabu kizima juu ya Yohana 6:37, akijibu pingamizi moja baada ya nyingine ya mtu anayeogopa kwamba ahadi haimhusu. Pingamizi hizo hakuhitaji kuzitafuta mbali.

Agosti 1688 alikwenda Reading kumpatanisha baba na mwanawe, akarudi London akiwa juu ya farasi kwenye mvua kubwa, homa ikamshika, na tarehe 31 akafariki katika nyumba ya rafiki yake mwenye duka la vyakula. Alizikwa Bunhill Fields.

Miaka minne kabla, katika sehemu ya pili ya Safari, alikuwa ameandika habari za msafiri aitwaye Bwana Hofu. Mtu huyu haogopi simba, haogopi mlima, na katika Soko la Ubatili anataka kupigana na kila mtu. Anachokiogopa ni kimoja, kwamba mwisho wa safari hatapokelewa. Analala zaidi ya mwezi kwenye kinamasi cha mwanzo. Anasimama kwenye lango akitetemeka, akiwapisha wengine, asithubutu kubisha. Bunyan angeweza kumfanya mfano wa kuonya. Badala yake, kila mlango unafunguliwa kwake kwa upole usio wa kawaida, bonde la kutisha linanyamazishwa anapopita, na siku anayovuka mto wa mauti, maji yako chini kuliko yalivyowahi kuonekana, hata karibu avuke bila kulowa zaidi ya miguu. Kiongozi wa msafara anapomaliza kusimulia, Christiana, mke wa Mkristo, anasema habari hiyo imemsaidia, kwa kuwa alidhani hakuna mwingine aliye kama yeye. Kisha Mercy, rafiki yake, anasema vivyo hivyo, na baada yake watoto.